Niliwapelekea fulana, wao walikuwa wanaulinda mpunga: yaliyonikuta kwenye mradi wa mafuriko Rufiji

Fulana 120. Rangi ya chungwa, kifuani nembo ya mradi, mgongoni maandishi makubwa JIANDAE KABLA YA MAFURIKO. Nilizilipia mwenyewe kwa mkono wangu Kariakoo, sh 12,000 moja, jumla 1,440,000, na nikapiga nazo picha nikiwa nimetabasamu kabisa. Hela hiyo ingenunua maboya ya kuvaa kama 30 na kamba nzuri na chenji ingebaki. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo, mengine nitayasema huko mbele.

Mimi nimezaliwa Ikwiriri, wilayani Rufiji, mama yangu mdogo analima bondeni hadi sasa hivi, kwa hiyo nilipopata kazi kwenye shirika moja dogo Septemba 2023 nilijiona mimi ndo mwenyewe, nani atanifundisha mafuriko ya Rufiji? Mwezi uliotangulia TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, walikuwa wameshatangaza kuwa vuli ile itakuja na El Niño, mvua za juu ya wastani, hela za wafadhili zikatoka haraka haraka na sisi tukapewa vijiji vitatu vya kuviandaa. Nimekulia mjini Ikwiriri, nimesoma Dar, bondeni nilikuwa naenda likizo kula mahindi ya kuchoma. Huko ndiko kuijua Rufiji niliyokuwa najivunia.

Semina ya kwanza tuliiweka Novemba, katikati ya wiki, kwenye ukumbi wa gesti. Sasa jamani Novemba na Desemba watu wa Rufiji wako wapi? Wako bondeni wanasafisha mashamba na kumwaga mbegu za mpunga, wanahamia kule na masufuria na kuku na watoto, wanalala kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo, mpaka mavuno. Kwa hiyo waliokuja ukumbini ni walewale, mwenyekiti, mtendaji, wajumbe wawili watatu, na wale jamaa ambao kila semina wapo, ikiwa ya ukimwi wapo, ikiwa ya hatimiliki za ardhi za kimila wapo, wanasaini posho wanakula wali kuku wanaondoka. Wanawake walikuwa wanne kati ya watu 38. Wenye mitumbwi hakuna hata mmoja, na wala sikukumbuka kuwaalika.

Nikawasha projekta nikasoma utabiri kama ulivyoandikwa, mvua za wastani hadi juu ya wastani. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza wastani wa nani? Watu wakacheka. Nikaanza kueleza wastani wa miaka 30 sijui nini, nikaona macho yameshatoka nje ya dirisha. Siku hizi nisingesoma hivyo hata kwa dawa, ningesema "maji yanaweza kufika pale yalipofika mwaka wa El Niño ile ya 97 kwenda 98", basi, kila mtu mzima ana picha yake kichwani.

Yule mzee ndiye aliyenifungua macho, ila ilichukua muda. Baada ya semina alinipeleka kwenye mwembe mkubwa nyuma ya nyumba ya kaka yake, una makovu ya panga kwenye shina, moja karibu na goti, lingine kifuani, la juu kabisa nililifikia kwa kunyoosha mkono. Akasema hili ni la mafuriko ya mwaka 74. Nikamuuliza babu, kwa nini hamhami huko chini kama mnajua maji yanafika hapa? Akaniangalia kama mtu anayemsikitikia mtoto wa mwenzie. "Mjukuu wangu, mto usipopanda sisi tunakula nini?"

Nilikuwa nimesahau kitu ambacho mama yangu alikuwa anakisema kila mwaka. Rufiji mafuriko ndiyo mbolea. Maji yakipanda yanaleta udongo mpya, yakishuka watu wanapanda mlau, yaani mahindi, kunde, maboga ya kwenye unyevu uliobaki, wala hawasubiri mvua. Serikali yenyewe ilishajaribu kuwatoa, baada ya mafuriko ya 1968 ikaja Operesheni Rufiji watu wakapandishwa kwenye vijiji vya ujamaa huko juu, nyumba zikahama lakini mashamba hayahamishiki, watu wakaendelea kushuka kulima, na kidogo kidogo wengine wakarudi kujenga hukohuko chini. Halafu naenda mimi na projekta kuwaambia mafuriko ni adui. Wanachokiogopa wao ni mafuriko makubwa mno, au yaliyokuja mapema, au yaliyokaa siku nyingi bila kushuka. Mafuriko ya kawaida wanayaombea dua.

Kosa lingine la kijinga, na hili nalisema kwa aibu, tuliweka kipima mvua kijijini. Laki tatu na nusu pamoja na usafiri na uzio wa wavu, tukamfundisha mwalimu kusoma na kuandika kwenye daftari kila saa tatu asubuhi. Kwa kijiji cha mlimani ni sawa. Lakini mto Rufiji maji yake hayanyeshi Rufiji! Unakusanya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, zaidi ya nusu ya maji yanatoka Kilombero peke yake, kwa hiyo mvua inapiga milima ya Udzungwa na Njombe huko na sisi tuko hapa jua kali tumeanika nguo. Daftari la mwalimu lingeweza kuandika sifuri siku ile ile nyumba zinaondoka. Tulichohitaji ni fito tatu zilizopakwa rangi pale mtoni, na namba ya simu ya mtu aliyeko juu ya mto, upande wa Mloka kule karibu na bwawa la Nyerere, anayeamka asubuhi na kuuangalia mto. Fito ni bure, rangi kopo moja.

Desemba tukashtuka kidogo. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 mlima Hanang' ulimwaga tope kwenye vijiji vya chini yake na mji wa Katesh, tukakaa tunaangalia zile video ofisini hakuna anayeongea. Nilichojiambia siku ile ni kwamba wale wa Katesh hawakupewa nafasi, tope limekuja watu wengine bado wako kitandani, ila sisi mto wetu una ustaarabu, unakupa siku kadhaa za kufungasha. Na kweli unakupa. Sema siku hizo nilikuja kuona zinavyopotea.

Aprili 2024 sasa. Ni mwisho mwisho wa Ramadhani, Idi ilikuwa tarehe 10, mto umeshapanda tangu Machi lakini watu wanauona ni ule wa kila mwaka, halafu zikaanza kuja taarifa kuwa juu huko maji ni mengi sana na bwawani yanaachiwa. Ubishi wa bwawa lilichangia au lilizuia siingii, kila kijiwe Ikwiriri kina mhandisi wake. Mimi nilituma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la kamati, herufi kubwa, alama za moto na mawingu. Tiki moja. Saa nzima tiki moja. Nikapiga simu, haipatikani, haipatikani, haipatikani. Wote wako bondeni, mtandao hamna, na wengi wana kitochi sasa WhatsApp itaingilia wapi? Miezi saba ya mradi na njia yangu ya kutoa taarifa ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa kwa watu ambao hawako kwenye hatari.

Kilichofanya kazi ni spika ya msikiti. Imamu alitangaza baada ya tarawehe, na siku ya pili yake vijana watatu wakashuka na mitumbwi wakipiga madebe, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, watu wakatoka kwenye madungu kuangalia kuna nini. Mimi nikapanda mtumbwi mmojawapo kwenda kwa mama mdogo.

Nitaieleza hii vizuri kwa sababu ndiyo somo lote. Dungu lake liko juu ya miti minne, kimo cha mtu na nusu, sakafu ya fito na mkeka, pembeni jiko la mafiga kwenye karai la udongo. Chini maji yameshafika kwenye magoti ya zile nguzo, ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita polepole bila kelele, na mpunga wake, aina ya supa, umesimama kwenye maji masuke yameshaanza kuinama, kijani kinageuka kuwa njano. Anatupia ndege udongo kwa teo kama vile hakuna kinachoendelea. Nikamwamkia shikamoo mama, twende, maji yanakuja makubwa. Akasema marahaba, najua. Nikasema sasa? Akasema mpunga umebakiza wiki tatu.

Nikaanza hotuba. Maisha ni bora kuliko mpunga, mali inatafutwa, na mamba wanatembea na maji, si unajua mama. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, nimekopa laki nne ya kulimia na kupalilia. Nikiondoka leo ndege wanamaliza kwa siku mbili hata maji yasipofika. Maji yakiishia hapa na mimi nimekimbia, nitakula hiyo fulana yako?"

Nilikuwa nimeivaa.

Sikuwa na jibu. Wala sikuwahi kujiandaa na jibu, maana kwenye mpango wetu wote wa kurasa 46 hakuna mahali tuliuliza mtu wa bondeni anapoteza nini akiondoka. Tuliandika njia za kutokea, eneo salama, majukumu ya kamati, ramani ina rangi nne. Yule mama alikuwa anajua kila kitu kuhusu maji kuliko mimi, alikuwa anapiga hesabu, na kwenye hesabu yake mimi sikuwa nimemwekea kitu upande wa pili.

Mwisho alitoka kwa sababu kijana mwenye mtumbwi, wala si mimi, alimwambia tuvune ulioiva hata kama ni robo, nitakupakilia. Tukakata masuke kwa visu kuanzia saa nane hadi magharibi, tuko kwenye maji ya mapaja, tukapata viroba vitatu vya mpunga mbichi. Usiku maji yakapanda kama mkono mzima. Kesho yake asubuhi ukiangalia upande ule unaona paa za makuti za madungu zimekaa juu ya maji kama vikapu.

Tukafika shule ya msingi, eneo letu salama lenye alama ya kijani kwenye ramani. Madarasa yamefungwa kwa kufuli. Mwenye funguo kaenda Dar kwenye Idi. Watu kama 200 wamesimama uwanjani na magodoro kichwani, mvua ya rasharasha, mtendaji anampigia simu, mimi natafuta kwenye mpango wetu nani "mhusika wa kituo". Mama mmoja akatafuta nondo akavunja. Ile kufuli ninayo nyumbani nimeiweka kwenye droo.

Ndani ya usiku mmoja tukagundua matundu ya choo ni manne na mawili yameshajaa. Wanawake waliniambia siku ya pili kuwa hawanywi maji ili wasiende chooni usiku, maana ni gizani na wanaume wamelala barazani njiani. Kuna binti alikuwa na mimba ya miezi minane. Haya mambo ya taa na choo mtu akikwambia ni madogo mwambie akalale pale siku 19 kama sisi. Unga na mablanketi vilikuja, nashukuru, lakini dawa ya kutibu maji na tochi ndivyo watu walivyokuwa wanavigombea.

Kijijini kwetu hatukuzika mtu. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu alisema bungeni kwamba mvua za msimu ule zimeshaua watu 155 nchi nzima, kwa hiyo nilijua sisi tumeponea. Kwenye ripoti nikaandika Vifo: 0, na mfadhili akafurahi akaona ni matunda ya mradi. Nilijisikia vibaya sana, kusema kweli nililia siku ile kwenye bajaji narudi nyumbani, maana waliotoa watu ni wale vijana watatu, petroli ya mashine ya mtumbwi mmoja walichangishana wenyewe, na kwenye ripoti ile hawapo popote. Kwenye semina hatukuwaalika, kwenye ripoti hatukuwaandika.

Pigo la pili likaja maji yalipoanza kushuka. Hiki ndicho kipindi cha mlau, ukichelewa wiki mbili tatu unyevu umeondoka na mwaka umekwenda. Watu wako tayari, majembe yapo, mbegu hakuna, zimeondoka na maji. Nikahangaika nikapata mbegu za kunde kwa mtu Kilwa, nikatuma hela, mzigo ukapakiwa, halafu kimbunga Hidaya kikaingia Mei 4, barabara ya Lindi ikakatika Somanga na mzigo wangu ukabaki upande wa pili wa shimo. Zilifika baadaye sana, wakati ardhi imeshaanza kupasuka. Waliopanda ni wale wachache waliokuwa wametunza mbegu kwa ndugu Ikwiriri. Mama mdogo hakuwa mmoja wao.

Mwaka ule ule Agosti nikaomba ofisini turudi bila projekta. Tulikaa chini ya ule mwembe siku ya mnada, watu wameshauza wametulia, nikauliza swali moja tu, kitu gani kilikufanya usiondoke siku ile? Nikanyamaza. Mazungumzo yalichukua masaa matatu. Kama unaanza mradi wa namna hii nakusihi anza na hapo, hayo mengine utayajua. Walisema mpunga, deni, kuibiwa mbuzi na mabati, mume hayupo na mke hawezi kuamua peke yake, mgonjwa asiyeweza kubebwa, na mmoja alisema ukweli wake, mwaka 2020 niliondoka nikalala shule wiki nzima na maji hayakufika kwangu, nikachekwa.

Kutokana na hapo mambo yalijipanga yenyewe. Kamati ya maafa ya kijiji, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaitaka na kwetu ilikuwa kwenye karatasi tu, ikaongezwa wenye mitumbwi na wanawake watano wanaolala bondeni. Tuliandikiana na wenye mitumbwi kabisa, safari moja ya dharura wanalipwa kiasi gani na nani, hela iko kwa mtunza hazina wa kikoba, haisubiri saini ya Dar. Mwanzo wa majadiliano yale yalikuwa magumu, walitaka bei ya msimu wa mavuno, tukabishana jumapili mbili. Usimwombe mtu ajitolee mtumbwi wake na petroli yake kwa uzalendo, atajitolea mara ya kwanza.

Funguo za shule sasa ziko tatu, ya mwalimu, ya imamu, na ya mama mmoja anayekaa jirani na uwanja ambaye hasafiri kabisa. Vijana wanne wamepewa kulinda mabati na mifugo ya waliohama, kwa zamu, na majina yao yanajulikana. Tulichimba vyoo vya wanawake upande wa pili wa madarasa, mbali na baraza. Kila kitongoji kina orodha ya wasioweza kutembea na nani anambeba, imeandikwa kwa mkono, imebandikwa ndani ya mlango wa ofisi ya kijiji, na kila Februari inasomwa upya maana watu wanakufa na wengine wanazaa.

Suala la mpunga ndilo bado linatusumbua. Mtaalamu mmoja alikuja na mbegu ya SARO 5, inakomaa kama miezi minne, nzuri kwa kuwahi kuvuna, lakini ni fupi, maji ya kawaida tu ya bondeni yanaizamisha, wakulima wakamwambia asante. Sasa hivi wanajaribu kuigawa, SARO kwenye sehemu za miinuko na supa chini, tuone. Fito za rangi ziko mtoni, na makubaliano ni kwamba njano ikifika unavuna kilichoiva na kutoa watoto na wazee, hungoji nyekundu. Hii ya kuvuna robo walileta wao baada ya kumwona mama mdogo na viroba vyake vitatu, ambavyo, kwa taarifa yenu, alilipia nusu ya lile deni.

Mbegu za mlau zinakaushwa, zinachanganywa na majivu, zinafungwa kwenye dumu la lita 5 na kupelekwa juu kabla ya Machi, kwa ndugu au kwenye stoo ya kikoba. Dumu ni sh 2,000. Ningezinunua 120.

Msimu uliofuata nilishuka tena bondeni kumsalimia. Katikati ya shamba nikaona mtu wa rangi ya chungwa amesimama mikono kaitandaza, kumbe ni sanamu la kufukuza ndege, fulana yangu imevishwa kwenye msalaba wa fito, mgongo umegeuziwa mto, JIANDAE KABLA YA MAFURIKO. Nikacheka mpaka nikakaa. Nikamuuliza sasa mama, safari hii utaondoka lini? Akarusha donge la udongo kwa teo, ndege wakaruka, akasema mbegu zimeshatangulia kwa dada yako Ikwiriri tangu juzi, yeye bado yupo yupo kwanza anaiangalia njano.